NYUZI ZA GITAA: UNENE UPI WAFAA?

Gitaa lililotundikwa ukutani mwaka mzima pasipo kupigwa, aghalabu halikuachwa kwa uvivu wa mwenyewe. Mara nyingi liliachwa kwa sababu ya vidole. Mtu alilinunua kwa fedha yake ya jasho, akaenda dukani akaomba nyuzi, naye mwenye duka akampa zile zilizokuwa karibu na mkono wake. Akazifunga, akajifunza majuma mawili, vidole vikatoka malengelenge, na kila alipotaka kubana uzi ilimpasa kukaza meno. Mwishowe akasema kwamba yeye hakuzaliwa mpiga gitaa. Pengine alizaliwa hasa, ila alifungiwa nyuzi zisizomfaa. Tena yuko mwingine ambaye hasara yake ni kubwa kuliko hiyo, maana alifunga nyuzi za chuma katika gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni. Asubuhi moja akakuta daraja limebanduka, ubao wa tumbo umevimba, na fedha yake imekwenda bure.

Makosa hayo mawili yana shina moja. Watu hudhani ya kuwa nyuzi ni nyuzi tu, kama vile misumari ni misumari. Lakini hata seremala hapigi msumari wa inchi sita katika kisanduku cha chaki. Nyuzi za gitaa zina unene mbalimbali, unene huo hupimwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe huandikwa juu ya pakiti. Anayejua kuisoma hawezi kudanganyika kwa urahisi.

HESABU ILIYO JUU YA PAKITI

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko zote, nao huwa upande wa chini mpigaji ashikapo gitaa lake. Wa sita ndio mnene kuliko zote, nao huwa upande wa juu, karibu na uso wake. Wanafunzi wengi huhesabu kinyume, wakamwomba mwenye duka uzi wa kwanza wakapewa wa kwanza, nao walikuwa wakitaka wa sita. Sauti za nyuzi hizo, kuanzia wa sita hata wa kwanza, ni E, A, D, G, B na E.

Unene hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Pakiti ikiandikwa 10, maana yake ni kwamba uzi wa kwanza una unene wa sehemu 10 katika elfu ya inchi moja, yaani kama robo ya milimita. Ikiandikwa 10–46, hesabu ya pili ni unene wa uzi wa sita. Wapigaji hutaja hesabu ya kwanza peke yake: husema, “Nipe nyuzi za kumi,” au “Nipe za kumi na mbili,” na hiyo yatosha, kwa kuwa nyuzi za katikati hufuata mpango unaojulikana. Kwa mfano, pakiti ya 10–46 ya gitaa la umeme huwa na nyuzi za 10, 13, 17, 26, 36 na 46.

Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, yaani lile lisilo la umeme, pakiti zinazopatikana sana ni 10–47, 11–52, 12–53 na 13–56. Kwa gitaa la umeme ni 9–42, 10–46 na 11–49. Hapa mnunuzi aangalie sana, kwa maana maneno ya Kiingereza yaliyochapwa kwa herufi kubwa juu ya pakiti hupoteza watu wengi. Neno lenye maana ya “nyepesi” juu ya pakiti ya gitaa kavu aghalabu ni za 12; neno hilo hilo juu ya pakiti ya gitaa la umeme laweza kuwa za 10 au hata za 9. Kila mtengenezaji ana wepesi wake. Kwa hiyo maneno yaachwe, na hesabu isomwe.

Tena mtu akifungua pakiti ataona kwamba nyuzi nyembamba ni waya mtupu, na zile nene zimevingirishiwa waya mwingine mwembamba juu yake. Jambo hili si pambo. Waya mtupu ukiwa mnene sana huwa mgumu kama fimbo, nao hautoi sauti safi. Ndipo mafundi wakachukua waya mwembamba wa katikati wakauvika waya mwingine, wapate uzito bila ya ugumu.

KWA NINI TOFAUTI NDOGO HIVYO NI JAMBO KUBWA

Huenda mtu akacheka na kusema, “Sehemu mbili za elfu za inchi! Ni nani awezaye kuziona?” Kweli, jicho haliwezi. Lakini kidole chaweza, na gitaa laweza.

Sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na jinsi ulivyokazwa. Urefu hauna budi kuwa ule ule, kwa sababu shingo ya gitaa hairefuki. Basi uzi ukiwa mzito zaidi, sharti ukazwe zaidi ili utoe sauti ile ile. Tena mkazo huu hauzidi polepole kama unene. Uzi mtupu ukizidishwa unene mara mbili, mkazo huzidi mara nne. Kwa hiyo mtu aachapo uzi wa 9 akafunga wa 10, ambao watofautiana kwa kadiri ya unywele, mkazo huzidi karibu kwa robo nzima. Na atokaye 10 kwenda 12, mkazo wa uzi wake wa kwanza huzidi kwa sehemu 44 katika mia.

Katika gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa inchi 25 na nusu toka mfupa wa kichwani hata darajani, uzi wa kwanza wa 10 huvuta kwa nguvu ya ratli 16, yaani kilo 7 na kidogo. Uzi wa 12 huvuta kwa ratli 23, zaidi ya kilo 10. Hizo ni za uzi mmoja tu. Nyuzi zote 6 za pakiti ya 12–53 kwa pamoja huvuta kwa zaidi ya kilo 70, na za pakiti ya 13–56 hupita kilo 80. Gunia la mahindi ni kilo 90. Basi mwenye gitaa afikiri habari ya kibao chembamba cha msonobari, ambacho unene wake haufiki nusu ya sentimita, kikivutwa kwa uzito unaokaribia gunia zima la mahindi, mchana na usiku, hata wakati mwenyewe amelala na hakuna anayepiga.

Magitaa yaliyoundwa barabara kwa nyuzi za chuma huvumilia mzigo huo, kwa kuwa fundi amegundisha mbao za kuimarisha chini ya tumbo, na ndani ya shingo mna fimbo ya chuma. Walakini liko gitaa jingine.

NAILONI NA CHUMA

Hapo zamani magitaa yalifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Katika miaka ya 1940 huko New York, fundi Albert Augustine alianza kutengeneza nyuzi za nailoni, naye mpigaji mashuhuri wa Hispania, Andrés Segovia, alizipokea na kuzitumia. Tangu hapo nailoni ikashika mahali pa utumbo. Mambo hayo si mageni kwa watu wetu. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi 8, ilifungwa kwa mishipa ya wanyama zamani, na siku hizi hufungwa kwa nailoni ya kuvulia samaki.

Gitaa la nailoni tumbo lake ni jepesi sana, na mara nyingi shingo yake haina fimbo ya chuma ndani. Nyuzi zake zote 6 huvuta karibu kilo 40 tu. Mtu akifunga humo nyuzi za chuma za 12, amelipandishia mzigo unaokaribia kuwa maradufu. Si lazima livunjike siku hiyo. Ndiyo maana kosa hili ni baya: gitaa huonekana limekubali. Sauti inakuwa kubwa, mwenyewe anafurahi, anawaonyesha rafiki zake. Baada ya majuma kadhaa ubao nyuma ya daraja hufura kama mkate, nyuzi huinuka mbali na shingo, kubana kunakuwa kazi ngumu, na siku ya jua kali gundi hulegea na daraja lote huruka kwa kishindo. Fundi aweza kuligandisha tena, lakini shingo iliyokwisha kupinda ni vigumu kuirudisha.

Basi itambuliwe tofauti mapema, hasa kwa mtu anunuaye gitaa lililokwisha kutumika, kwa maana muuzaji huenda alikwisha kufanya kosa hilo naye anataka kuondokana na matokeo yake. Gitaa la nailoni shingo yake ni pana, kama inchi 2 pale kwenye mfupa wa kichwani. Kichwa chake kina matundu mawili marefu kama madirisha, na mna vigogo vinene vyeupe vya kuzungushia nyuzi. Na darajani nyuzi hufungwa kwa fundo. Gitaa la chuma shingo yake ni nyembamba zaidi, vigogo vyake ni vya chuma, na darajani mna vijiti sita vinavyoshindilia nyuzi ndani ya matundu, na kila uzi una kishanga kidogo mwishoni. Kwa hiyo mtu akiona nyuzi zenye vishanga zimepenyezwa katika daraja la kufungwa kwa mafundo, ajue gitaa hilo limeteswa. Aweke jicho nyuma ya kichwa, atazame shingo kama mtu atazamavyo ubao kama umenyooka, kisha achukue karatasi nyembamba ajaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia. Bei na ishuke, au mnunuzi aende zake.

Nyuzi za nailoni haziuzwi sana kwa hesabu ya unene. Huuzwa kwa mkazo: wa chini, wa kawaida, au mgumu. Anayeanza na achukue wa kawaida. Aliye mbali na mji, na uzi wake wa kwanza umekatika, huweza kupata msaada katika duka la vyombo vya uvuvi. Uzi wa kwanza wa nailoni una unene wa karibu milimita 0.7, wa pili 0.8, na wa tatu milimita 1. Nailoni ya kuvulia samaki huandikwa unene wake kwa milimita, na ile iliyo laini na mviringo sawasawa hutoa sauti ya kuridhisha. Nyuzi tatu nene, zilizovikwa waya, haziwezi kupatikana kwa njia hiyo. Na waya wa breki ya baiskeli, ambao wengi waliufunga katika magitaa ya debe utotoni mwao wakajifunzia humo, na ubaki katika magitaa ya debe.

UCHAGUZI WENYEWE

Mtu mwenye gitaa kavu la chuma, na vidole bado laini, na aanze na nyuzi za 11, au za 10 kama mikono yake ni midogo. Wako waalimu wanaosema kwamba mwanafunzi afunge nyuzi nene ili vidole vipate kukomaa upesi. Ushauri huu umewafukuza watu wengi kuliko uliowafundisha. Vidole hukomaa kwa kupiga kila siku, wala mtu hapigi kila siku jambo linalomtia machozi. Mtoto, yeye na apewe gitaa dogo la nailoni.

Zaidi ya hayo nyuzi nyembamba zina hasara zake, na hazifai kufichwa. Sauti yake ni ndogo, hasa upande wa nyuzi nene za chini. Ukizipiga kwa nguvu, huyumba sana zikagonga vijiti vya chuma vilivyolazwa shingoni, ambavyo wapigaji huviita freti, zikalia kama nyuki katika kibuyu. Hutoka katika sauti yake upesi, na uzi wa kwanza hukatika mara kwa mara. Kwa hiyo mtu aimbaye kanisani au arusini akiwa na gitaa peke yake, naye hupiga nyuzi zote kwa pamoja kwa nguvu ya mkono, za 12 zitamfaa zaidi. Za 13 ni za gitaa imara na mkono uliozoea. Hakuna aibu kwa mtu kuishi maisha yake yote pasipo kuzifunga.

Ama kwa wale wafuatao mtindo wa vidole, jambo ni la namna yake. Mtindo huo ulienea katika Afrika Mashariki na Kati katika miaka ya 1950. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke huko Jadotville katika Kongo, mji ambao siku hizi huitwa Likasi, na sahani zake zikasikiwa mpaka Kenya. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alisifika kwa mtindo wa omutibo, ambao gumba hushika nyuzi nene pasipo kupumzika na kidole cha shahada huimba juu ya nyuzi nyembamba, na pembeni chupa ya soda hugongwa kutia mwendo. Katika upigaji wa namna hii nguvu ya mkono si kitu. Linalotakiwa ni kwamba gumba lisimeze kidole: sauti mbili zisikike kama watu wawili wanaozungumza kwa zamu. Nyuzi za 11–52 hufaa sana hapo, kwa sababu hujibu kwa kuguswa kidogo. Mwenye gitaa zuri na kucha imara na ajaribu za 12, asikie kama gumba lake limepata heshima zaidi bila ya kidole kuchoka.

Iko hila nyingine ifaayo kujulikana. Mtu aliye na nyuzi za 12 nazo zamwelemea, wala hana fedha ya kununua nyingine, na alegeze zote kwa nusu sauti. Mkazo utapungua kwa sehemu 11 katika mia. Kisha abane kibano katika freti ya kwanza, na sauti zitarudi pale pale zilipokuwa, lakini chini ya kidole nyuzi zitakuwa laini zaidi. Asiye na kibano cha dukani atumie kipande cha kalamu ya risasi kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Akilegeza kwa sauti nzima, mkazo hupungua kwa sehemu 21 katika mia, na kibano kitakwenda freti ya pili.

Wapigaji wa bendi za Kongo waligundua hila ambayo yahusu unene hasa. Waliutoa uzi wa nne, ambao ni mnene na umevikwa waya, wakafunga mahali pake uzi mwembamba kama ule wa kwanza, wakauweka katika sauti ile ile ya D lakini juu kwa oktavu moja. Gitaa la namna hiyo huitwa mi-composé, nalo hutoa mlio wa juu unaometameta kati ya gitaa la kuongoza na lile la kufuatia. Mwenye kutaka kujaribu asiogope kwamba uzi utakatika: sauti hiyo iko chini ya ile ambayo uzi wa kwanza huibeba kila siku.

Gitaa la umeme halihitaji maneno mengi. Nguvu ya sauti hutoka katika mashine, si katika tumbo, kwa hiyo nyuzi zaweza kuwa nyembamba, na za 9 au 10 hutosha. Sharti ziwe za chuma kivutwacho na sumaku; nyuzi zilizovikwa shaba, ambazo ni za gitaa kavu, hazisikiki barabara katika gitaa la umeme. Zamani nyuzi za umeme zilikuwa nene, na uzi wa tatu ulikuwa umevikwa waya, mgumu kuusukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ernie Ball, mwenye duka la magitaa huko California, aliona wanafunzi wakihangaika na uzi huo, akaanza kuuza pakiti nyembamba zenye uzi wa tatu mtupu, na vijana wakazipokea kwa furaha. Kwa upande mwingine yuko Stevie Ray Vaughan wa Texas, aliyefariki mwaka 1990, ambaye alisifika kwa kupiga nyuzi za 13 katika gitaa la umeme. Vijana wengi husikia habari hiyo wakakimbilia dukani. Wasichosikia ni kwamba alizilegeza kwa nusu sauti.

Urefu wa shingo nao si wa kusahauliwa. Magitaa mengine, kama mengi ya Gibson, urefu wa nyuzi zake ni kama inchi 24 na robo tatu, na mengine, kama mengi ya Fender, ni 25 na nusu. Nyuzi za pakiti moja huvuta kidogo zaidi katika lile refu. Ndiyo sababu watu wawili waweza kubishana usiku kucha kama za 10 ni ngumu au ni laini, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

KUBADILISHA UNENE

Gitaa lililozoea nyuzi za 10 likifungwa za 12 halitakaa kama lilivyokuwa. Shingo huvutwa mbele, nyuzi zikainuka. Likitolewa za 12 na kufungwa za 10, shingo hurudi nyuma, nyuzi zikalala juu ya freti na kulia ovyo. Hapo ndipo fimbo ya chuma ya shingoni itumikapo. Hukazwa kwa kuzungushwa upande wa mkono wa saa ili shingo inyooke, na hulegezwa kinyume chake. Isizungushwe zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja, kisha nyuzi zikazwe tena sauti yake, na shingo iachwe mpaka kesho yake kabla ya kuipima. Fimbo ikikataa, isilazimishwe, apelekewe fundi.

Mifereji ya mfupa wa kichwani nayo ilichongwa kwa unene fulani. Uzi mnene katika mfereji mwembamba hukwama: mtu huukaza, sauti haipandi, kisha ghafula hulia “tik!” nayo imepanda kupita kiasi. Unga wa kalamu ya risasi ukisuguliwa katika mfereji husaidia. Usiposaidia, mfereji upanuliwe kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, kwa maana mfupa uliochongwa kupita kiasi haujazwi.

Jambo la mwisho la kupima ni freti ya 12. Uzi ukipigwa wazi, kisha ukibanwa hapo, sauti ya pili sharti iwe ile ile ya kwanza, ila juu kwa oktavu. Katika gitaa la umeme, ikiwa sauti ya freti ya 12 imepanda mno, kipande cha darajani kinachobeba uzi huo husogezwa nyuma. Ikiwa imeshuka, husogezwa mbele. Katika gitaa kavu daraja halisogei, na tofauti ndogo haina budi kuvumiliwa.

Nyuzi zibadilishwe mmoja mmoja, ule wa zamani utolewe na mpya ufungwe mahali pake kabla ya kugusa wa pili, ili shingo isiachwe bila mzigo na kubebeshwa wote kwa ghafula. Uzungushwe kigogoni mara mbili au tatu, si kumi. Ukishakazwa, uvutwe polepole kwa vidole mbali na ubao, ukazwe tena, mpaka uache kulegea.

Mombasa, Lamu na mahali pote pa pwani, chumvi ya hewa hula chuma upesi, na nyuzi zilizopata kutu huchubua vidole, tena hufa sauti hata kama hazijakatika. Zipanguswe kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, kila baada ya kupiga. Ile karatasi ya pakiti yenye hesabu isitupwe pamoja na nyuzi za zamani. Ikunjwe, iandikwe tarehe, itiwe ndani ya mfuko wa gitaa, ili siku uzi wa tatu utakapokatika Jumamosi jioni, mtu anayetumwa dukani aende nayo mkononi.